Risasi Moja, Moto na Mguu Uliovunjika: Uchambuzi wa Namna ya Kifo cha Dkt. Robert Ouko

Mnamo Februari 1990 mwili wa Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, ulipatikana chini ya kilima cha Got Alila, si mbali na shamba lake la Koru karibu na Muhoroni. Kichwani ulikuwa na jeraha la risasi, sehemu yake ilikuwa imeungua, na mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Jirani nao palikutwa bastola ya kipimo cha .38, dumu la dizeli, kiberiti na vitu vingine vya marehemu. Taarifa za awali za polisi zilielekea kwenye dhana kwamba waziri alijiua. Dhana hiyo haikudumu: wananchi na wanafunzi waliandamana Nairobi na Kisumu kuikataa, na ndani ya siku chache Rais Daniel arap Moi akawaalika wapelelezi wa Scotland Yard kutoka London, walioanza kazi tarehe 21 Februari 1990 wakiongozwa na John Troon, pamoja na mwanapatholojia, yaani daktari anayechunguza maiti ili kujua sababu ya kifo, Dkt. Iain West wa hospitali ya Guy's.

Uchambuzi huu unafuata swali moja tu, nalo ni hoja zipi za kitaalamu zilizokitoa kifo hiki kwenye fungu la kujiua na kukiweka kwenye fungu la kuuawa. Swali la nani aliyeua ni kisa kingine chenye majalada yake mazito na watuhumiwa waliokana, na nitaligusa pale tu linapokutana na ushahidi wa mwili au wa eneo la tukio. Naona mapema nieleze msimamo wangu: jibu la swali letu halikutoka kwenye tundu la risasi, wala kwenye bastola iliyokutwa kando ya maiti, ingawa hivyo ndivyo vitu viwili vilivyozungumzwa zaidi. Lilitoka kwenye mfuatano wa majeraha, yaani lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Kwanza inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo magazeti na hata baadhi ya wanasheria huyachanganya. Chanzo cha kifo ni dhara lililokatisha uhai, na katika kisa hiki ni risasi iliyoharibu ubongo. Namna ya kifo ni maelezo ya jinsi dhara hilo lilivyompata marehemu, na wanapatholojia huigawa katika mafungu matano: kifo cha asili, ajali, kujiua, kuuawa, na kile kisichoweza kubainishwa. Chanzo mara nyingi huonekana mezani, pale mwili unapopasuliwa. Namna ya kifo haikai ndani ya mwili peke yake. Humlazimu daktari kuyaoanisha aliyoyaona mezani na yaliyokutwa eneo la tukio, mavazi, silaha, hali ya marehemu katika siku zake za mwisho na maelezo ya mashahidi. Risasi ile ile, ikiingia mahali pale pale na kwa mwelekeo ule ule, yaweza kuwa imefyatuliwa na marehemu mwenyewe, na mtu aliyesimama kando yake, au na kidole kilichoteleza wakati bastola ikisafishwa. Ndiyo maana daktari mwangalifu aliyeletewa mwili bila maelezo yoyote ya mahali ulipotoka hukataa kutaja namna ya kifo, na haki iko upande wake.

Usiku wa tukio, kwa jinsi ulivyoelezwa na mashahidi, una mambo machache. Ouko alikuwa amerejea nchini tarehe 4 Februari baada ya kuandamana na rais katika safari ya Washington, kisha akaenda kukaa nyumbani kwake Koru. Usiku wa kuamkia tarehe 13, karibu saa tisa, mfanyakazi wa nyumbani alisikia kishindo kama cha mlango unaofungwa kwa nguvu na akaona gari jeupe likigeuza uani. Asubuhi waziri hakuwapo. Siku hiyo hiyo, mnamo saa saba mchana, kijana mchunga ng'ombe aliuona mwili chini ya kilima, umbali unaotajwa kuwa kilomita 2.8 kutoka nyumbani, na wanakijiji wakatoa habari. Hata hivyo ugunduzi rasmi, ule uliotangazwa na serikali, ni wa tarehe 16 baada ya polisi kufanya msako. Siku tatu hizo nitazirudia hapo chini, kwa sababu kwa mpelelezi zina uzito kuliko mengi yaliyosemwa baadaye mbele ya tume ya uchunguzi wa kifo hiki.

Tuanze na bastola. Mtu wa kawaida akiona silaha karibu na maiti, wazo la kwanza ni kwamba marehemu aliishika mwenyewe, na aliyepanga kuwapotosha wapelelezi analijua hilo vizuri. Kitaalamu, silaha iliyolala kando ya mwili ni ushahidi dhaifu kuliko unavyodhaniwa. Katika vifo vya kujiua kwa bastola, silaha hubaki mkononi kwa takribani robo tu ya visa. Katika vingine huanguka au hurushwa na mtetemo wa mfyatuko hadi kando ya mwili. Kwa hiyo bastola kukosekana mkononi hakupingi kujiua, na bastola kuwapo karibu hakuthibitishi. Hata swali la nani alikuwa mmiliki wake halifiki mbali, kwa kuwa mtu anaweza kuuawa kwa silaha yake mwenyewe, na mwingine akajiua kwa silaha ya kuazima.

Kitu ambacho bastola ya .38 ya aina ya rivolva humsaidia mpelelezi ni kingine. Rivolva haitupi ganda la risasi nje kama zifanyavyo bastola za magazini. Ganda hubaki ndani ya silinda hadi mtu alitoe kwa mkono. Ukiifungua silinda bila kuizungusha hovyo, unaweza kuhesabu maganda yaliyotumika, ukaona ganda lipi lilikuwa chini ya nyundo wakati wa mfyatuko wa mwisho, na ukalinganisha hesabu hiyo na idadi ya majeraha mwilini. Rivolva pia ina mwanya mdogo kati ya silinda na mtutu, na kila risasi inapotoka, gesi na masizi hupenya hapo kuelekea pembeni, zikimfikia aliyeshika silaha na chochote kilicho jirani. Kwa sababu hiyo mkono uliofyatua rivolva hutarajiwa kubeba chembe za madini ya risasi (ledi), bariamu na antimoni. Lakini chembe hizo ni vumbi tu. Kwa mtu aliye hai huisha ndani ya saa chache kwa kushika vitu na kunawa, na kwa maiti huweza kuondolewa na mvua, na mikono ya waliogeuza mwili, na zaidi ya yote na moto. Kipimo cha mikono, ambacho katika visa vingi ndicho hukimbiliwa kwanza, kwenye mwili ulioungua hakiwezi kutegemewa kwa upande wowote.

Jeraha lenyewe sasa. Umbali kati ya mdomo wa mtutu na ngozi husomwa kwa alama tatu. Mtutu ukigusa kichwa, gesi huingia chini ya ngozi, na kwa kuwa fuvu haliipi nafasi ya kutanuka, ngozi hupasuka kuelekea nje na masizi hujipaka kwenye mfupa. Mtutu ukiwa mbali kidogo, hadi sentimita 30 hivi, masizi hutanda juu ya ngozi. Ukisogezwa zaidi, masizi hutoweka na hubaki vitone vidogo vyekundu vilivyochomwa na chembe za baruti isiyoungua, ambavyo kwa bastola huonekana hadi sentimita 60 na wakati mwingine kukaribia mita moja, kutegemea silaha na aina ya risasi. Baada ya hapo jeraha la mita mbili na la mita ishirini hufanana. Mtu anayejiua kwa bastola kwa kawaida huacha jeraha la kugusa au la karibu mno, kwa sababu urefu wa mkono haumruhusu zaidi. Kinyume chake si kweli: jeraha la kugusa halithibitishi kujiua, maana kumwekea mtu bastola kichwani ni njia ya zamani sana ya kuua.

Hapa ndipo moto unapoharibu kazi. Ngozi iliyoungua hupoteza vitone vya baruti, masizi ya mafuta hufunika masizi ya risasi, na kingo za jeraha hukauka na kujikunja hadi tundu la kuingia lifanane na mpasuko wa joto. Mwanapatholojia aliye mbele ya kichwa cha namna hiyo huacha ngozi na kwenda kwenye mfupa. Fuvu lina tabaka mbili ngumu na kati yake tabaka laini, na risasi inapopenya hufanya kama jiwe linalotoboa kioo cha dirisha: upande linakoingilia tundu huwa dogo na kali, na upande linakotokea kingo humeguka na kutanuka. Kwenye tundu la kuingia kingo humeguka kwa ndani ya fuvu. Kwenye tundu la kutokea humeguka kwa nje. Daktari anaweza kupitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wa mfupa na akajua risasi ilitoka wapi kwenda wapi, hata kama nje hakuna ngozi iliyosalia. Na ikiwa mtutu uligusa kichwa, mara nyingi masizi hubaki kwenye uso wa mfupa kuzunguka tundu, mahali ambapo moto wa juujuu haukufika.

Mfupa husaidia pia kukwepa mtego mwingine. Joto kali hupasua fuvu lenyewe na wakati mwingine hukusanya damu iliyopikika kati ya mfupa na utando wa ubongo, na asiye mzoefu huweza kudhani marehemu alipigwa na kitu kizito. Ajali ya nyumba kuungua huweza kugeuzwa mauaji kwa kosa hilo. Kwa Ouko jambo hilo halikuleta shida kubwa, kwani risasi moja kichwani ilikubaliwa na pande zote kuwa imekatisha uhai. Mvutano ulikuwa kwenye kilichotokea kabla yake na baada yake.

Moto, basi, ndio kitovu cha kisa. Uwezekano uko mara mbili. Ama mtu alipigwa risasi kwanza kisha akaungua, ama aliungua kwanza, au angalau aliwashwa moto kwanza, kisha akapigwa risasi. Ukichukua uwezekano wa kwanza, dhana ya kujiua inaanguka karibu papo hapo. Ni kweli kwamba si kila risasi ya kichwa huangusha mtu dakika ile ile. Zipo kumbukumbu za watu waliojipiga risasi ya pili baada ya ya kwanza kukosa sehemu muhimu za ubongo, na mwanapatholojia haruhusiwi kuzisahau. Lakini kufungua dumu, kujimwagia dizeli, kuweka dumu chini, kutoa njiti na kuiwasha ni mlolongo wa vitendo unaohitaji mikono miwili na akili iliyo wazi, na mtu ambaye ubongo wake umepenywa na risasi ya .38 hana uwezo huo. Kama risasi ilitangulia, kulikuwa na mtu wa pili pale kilimani.

Ukichukua uwezekano wa pili, kujiua kunabaki kuwa jambo la kufikirika. Fasihi ya kitabibu inazo taarifa za watu waliounganisha njia mbili, mmoja akihofia kwamba ya kwanza haitamuua au itamtesa muda mrefu, na kujiwasha moto kisha kujipiga risasi kumewahi kutokea, ingawa ni kwa nadra. Mbele ya tume ya uchunguzi Dkt. Jason Kaviti, aliyekuwa mwanapatholojia mkuu wa serikali ya Kenya, aliitetea dhana ya kujiua, na wengi walimcheka. Mimi sioni kwamba dhana yenyewe ilistahili kuchekwa kabla ya kupimwa. Daktari anayekataa kuiweka mezani kwa sababu tu inasikika ya ajabu anafanya kosa lile lile la anayeikubali kwa sababu inawafaa wakubwa. Ilistahili kupimwa, na vipimo vyake vinajulikana.

Mtu anayevuta pumzi akiwa ndani ya moto huvuta masizi. Chembe nyeusi huonekana puani, kwenye koo, kwenye njia ya hewa hadi matawi ya mapafu, zikiwa zimenata kwenye ute, na nyingine humezwa hadi tumboni. Utando wa njia ya hewa huweza kuvimba na kuwa mwekundu kwa joto. Ngozi iliyoungua mtu akiwa hai huonyesha mwitikio wa mwili: wekundu pembezoni, malengelenge yenye majimaji ya protini, chembe za damu zilizokimbilia kwenye jeraha. Damu huweza kubeba monoksidi ya kaboni. Kipimo hiki cha mwisho hupendwa sana na mawakili kwa kuwa kinatoa namba, lakini katika moto wa uwanjani uliowashwa kwa mafuta, ambako hewa ni tele, kiwango chake chaweza kuwa kidogo hata kwa mtu aliyekuwa hai, na kukosekana kwake peke yake hakutoshi kusema kwamba marehemu alikuwa amekufa tayari. Masizi kwenye njia ya hewa, au kutokuwapo kwake, husema zaidi.

Kuna na kipimo cha mkono na silaha. Mtu aliyejiwasha moto kisha akafyatua bastola angekuwa ameishika wakati mikono inaungua. Kiganja kilichofumbwa kuzunguka mpini huhifadhi ngozi yake hata pale mgongo wa mkono unapochomeka, na bastola iliyoangukia ndani ya eneo la moto hubeba alama za joto na masizi ya mafuta. Hivi ni vitu vya kutazama kwa macho, havihitaji maabara ya Ulaya. Vinahitaji tu mtu wa kwanza kufika pale azuie watu, apige picha, na asiinue chochote hadi kilipo kiwe kimeandikwa.

Baada ya kuuchunguza mwili, hitimisho la Dkt. West, ambalo ndilo lililobeba uchunguzi wa Troon, lilikuwa kwamba Ouko alipigwa risasi kichwani na mwili ukachomwa baadaye. Kwa hitimisho hilo mlango wa kujiua ulifungwa, na wa ajali pia, ambao kwa kweli hakuna aliyeugonga kwa dhati. Ni jambo la kutazamwa kwamba raia wa kawaida walifika hapo hapo bila darubini. Walipouliza kwa kejeli imekuwaje mtu ajivunje mguu, ajipige risasi kisha ajichome moto, walikuwa wanauliza swali la mfuatano, lile lile la mwanapatholojia.

Dizeli yenyewe inastahili maneno machache. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali, na anayeikaribisha njiti anaweza kulipukiwa kabla hajajiandaa. Dizeli ni nzito. Mvuke wake hautoshi kuwaka hadi ifikishwe kwenye nyuzijoto zaidi ya 50 hivi, na ikimwagwa chini huweza hata kuizima njiti. Huwaka vizuri inapokuwa imelowesha kitambaa, maana nguo hufanya kazi ya utambi. Kwa hiyo moto wa dizeli juu ya mwili huanza polepole, hufuata nguo, na huacha sehemu nyingine zikiwa nzima, jambo linaloendana na mwili ulioungua kwa sehemu tu. Je, hilo linamwelekea muuaji au marehemu? Halimwelekei yeyote. Sehemu ya mashamba ya miwa na matrekta haikosi dizeli. Ila kama shabaha ilikuwa kuuteketeza mwili usitambulike, aliyefanya hivyo hakujua kazi yake: tanuri la kuchomea maiti hufanya kazi kwenye nyuzijoto kati ya 760 na 980 kwa zaidi ya saa moja, na bado mifupa hubaki. Dumu moja la dizeli uwanjani haliwezi kufuta tundu kwenye fuvu. Linaweza kufuta alama za baruti kwenye ngozi na chembe mikononi, na hilo ndilo pekee ambalo moto ule ungeweza kulifanya kwa uhakika.

Mguu uliovunjika ulizua mazungumzo mengi, na nadhani mengine yalizidi kiasi. Wapo waliouona kuwa uthibitisho wa mateso. Mfupa uliovunjika mahali pawili unaweza kutokana na kipigo, kuanguka au kuruka kutoka mahali pa juu, kugongwa na gari, au hata joto, ingawa mpasuko wa joto huwa na umbo lake na hauna damu pembeni. Swali la msingi ni kama tishu zilizouzunguka mfupa zilivuja damu. Zikiwa zimevuja, moyo ulikuwa bado unapiga wakati mguu unavunjika, na basi mguu ulivunjika kabla ya risasi au karibu nayo sana. Umuhimu wa jibu hilo ni wa kiutendaji: mtu mwenye mguu uliovunjika vile hawezi kutembea kilomita mbili na zaidi usiku, porini, akibeba dumu na bastola. Ama mguu ulivunjika pale pale kilimani, ama mtu huyo alibebwa. Pamoja na gari jeupe lililosemwa na shahidi, uwezekano wa kubebwa una nguvu. Lakini mguu peke yake, bila moto, usingetosha kuipindua dhana ya kujiua. Mtetezi wake angesema marehemu aliteleza kwenye mawe, na asingekuwa anasema jambo lisilowezekana.

Nizirudie zile siku tatu. Kuanzia mchana wa tarehe 13 hadi tarehe 16, mwili ulijulikana na wanakijiji lakini haukuwa chini ya ulinzi wa mtu yeyote mwenye wajibu wa kuulinda. Nyayo na alama za matairi, ambazo zingeweza kulimaliza suala la kama marehemu alifika kwa miguu yake au kwa gari, hazidumu siku tatu mahali wanapopita watu na mifugo. Saa ya kifo, ambayo katika saa za kwanza hukadiriwa kwa joto la mwili na kukakamaa kwa misuli, haikuwa na njia hiyo tena. Moto hupasha mwili na hukakamaza misuli kwa namna yake, na siku tatu za jua la Nyanza humaliza kilichobaki. Hata nafasi ya bastola kutoka kwenye mkono, ile ambayo picha ya kwanza ingeithibitisha, iliingiwa na shaka, kwa kuwa hakuna awezaye kuapa kwamba ilikaa mahali pamoja muda wote huo. Mawakili waliolumbana baadaye juu ya mpangilio wa vitu vile walilumbana juu ya picha ya tarehe 16, wakati tukio lilikuwa la alfajiri ya tarehe 13.

Mpangilio huo, hata hivyo, una jambo la kusema. Bastola, dumu na kiberiti, vyote vitatu karibu na mwili, vinajibu kila swali ambalo polisi angeuliza kuhusu mtu aliyejiua: alijipiga kwa kitu gani, alijichoma kwa kitu gani. Eneo la kujiua kwa kawaida halijali kujieleza. Vitu huwa vimetawanyika, kimoja kiko mbali kuliko unavyotarajia, kingine hakipatikani kabisa. Pale ushahidi wote unapoelekeza kidole upande mmoja huku mwili unasema kinyume, mpelelezi hana budi kuufuata mwili.

Hoja ya hali ya marehemu katika siku zake za mwisho nitaipitia haraka. Uchunguzi wa kujiua hutazama barua, maneno ya kuaga, ugonjwa, madeni, jaribio la awali. Wapo waliosema waziri alikuwa na wasiwasi baada ya safari ya Washington, na Troon mwenyewe alizitazama safari hiyo na mvutano juu ya kiwanda cha molasi cha Kisumu kama vyanzo vya uhasama. Lakini wasiwasi wa mtu anayehofia maisha yake na wasiwasi wa mtu anayetaka kuyakatisha huonekana sawa kwa anayewatazama kwa nje, na usitumiwe kuamua lolote pale mwili umekwisha kuamua.

Sheria ya Kenya ilikuwa na njia ya kawaida ya kushughulikia kifo kama hiki. Vifungu vya 385 hadi 387 vya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai vinampa hakimu mamlaka ya kuchunguza chanzo cha kifo chenye utata, kama ambavyo Tanzania inayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980. Kisa cha Ouko kilichukua njia nyingine. Troon aliwasilisha taarifa yake Agosti 1990. Oktoba mwaka huo ikaanza tume ya uchunguzi chini ya Jaji Evans Gicheru, ambako ushahidi wa madaktari ulisikilizwa hadharani na dhana zote mbili zikawekwa mbele ya umma. Novemba 1991 rais aliivunja tume kabla haijatoa hitimisho, hivyo tofauti kati ya Kaviti na West haikupata uamuzi kutoka kwa chombo kilichoundwa kuiamua.

Uamuzi ulikuja kwa mlango wa nyuma. Serikali ilipomfungulia mkuu wa wilaya wa zamani mashtaka ya mauaji, ilikuwa imekiri kwamba kifo kilikuwa cha kuuawa, maana huwezi kumshtaki mtu kwa kumuua aliyejiua. Kesi ya kwanza ilikatika baada ya jaji kufariki, ya pili ikaisha 1994 kwa mshtakiwa kuachiwa huru. Baadhi ya watu waliisoma hukumu hiyo kuwa imerudisha swali la kujiua, na hapo walikosea. Mahakama ya jinai hupima kama mtu huyu alitenda tendo hili bila kuacha shaka ya maana; mwanapatholojia hupima ni maelezo yapi yanayolingana zaidi na mwili. Ushahidi unaotosha kusema kulikuwa na mtu wa pili pale Got Alila hautoshi hata kidogo kusema mtu huyo ni nani. Kamati teule ya Bunge iliyoundwa 2003 ililirudia suala la nani, na taarifa yake ilipofika mbele ya wabunge mwaka 2010 waliikataa. Kuhusu risasi na moto, na kipi kilitangulia, sijakuta hoja mpya ya kitabibu tangu ushahidi uliotolewa mbele ya tume.